Kifua cha Hizza

Sogeeni, niwape kesi iliyowashinda watu wazima.

Mjini Kwemsala walikuwako watatu. Mwantumu alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Bi Sikudhani alikuwa na pua. Akinusa udongo, alijua unataka nini. Naye Hizza, msukuma mkokoteni, alikuwa na kifua: siri ikiingia humo, imeingia.

Makombo ya hoteli zote yalitupwa kwenye jalala la nyuma ya soko, na nzi wake walituingilia hadi kwenye vikombe vya chai. Mwantumu akawafuata wenye hoteli mlango kwa mlango. "Yatengeni ndooni, tuyageuze mboji." Wakaona haya, maana ndoo ya makombo husema chakula gani kimewashinda wateja. "Basi zifunikeni," akasema, "na abebe Hizza." Hapo wakakubali.

Kila asubuhi Hizza alizimwaga ndoo zile palepale jalalani, kwenye mabiwi ya mboji. Alijua pilau ya nani inarudi sahani nzima, na maharage ya nani yana mawe. Washindani wakamvizia.

"Hizza mwanangu, kwa jirani wanatupa nini?"

"Maganda."

"Maganda tu?"

"Maganda, mama."

Mmoja alimwahidi kazi ya kudumu, akapata jibu lilelile.

Bi Sikudhani yeye alizamisha mkono kwenye kila biwi, akanusa. "Hili limekosa hewa, ligeuzeni. Hili linataka majani makavu." Siku mafuta machafu yalipomwagwa humo, ni yeye aliyeyagundua kabla mboji yote haijaharibika. Jalala likaisha, pakabaki kiwanja cha udongo mweusi.

Mtendaji wa mtaa akaitisha mkutano. "Kiwanja nampa mmoja tu, ambaye bila yeye kazi isingewezekana."

Hizza alikitamani mno. Yeye na mkewe walipanga chumba kisicho na nafasi hata ya shina la mchicha, na mke alikwisha kuchagua pa kupanda migomba.

"Bila ulimi wangu," akasema Mwantumu, "ndoo ya kwanza isingetoka jikoni."

"Bila pua yangu," akasema Bi Sikudhani, "mngekuwa na uvundo uleule, ila una kifuniko."

Watu wakapiga makofi.

"Na wewe wa mkokoteni?"

"Bila kifua changu, mheshimiwa, wangeacha kutoa ndoo wiki ya kwanza. Nimewatunzia siri zao."

"Siri gani? Taja moja tu, tukuamini."

Wenye hoteli walikuwa wameketi mbele. Yeyote kati yao angeweza kusimama akasema, "Ni kweli." Wote wakainamia viatu vyao. Hizza akawatazama mmoja mmoja. Nyuma kabisa mkewe alikuwa akimwashiria: sema!

"Maganda," akasema Hizza.

Mkutano mzima ukaangua kicheko.

Mtendaji bado ameshika kalamu. Ulimi, pua, au kifua? Na ukikichagua kifua, utakithibitishaje bila kukipasua? Haya, nanyi mliocheka pia, semeni: kiwanja mnampa nani?