Sauti ya Saa Sita Mchana

Haya, sogeeni karibu, na mwenye woga ashike mkono wa jirani yake.

Kijijini Mitulu walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kapteni Lugendo alijua kuuzingira msitu hata sungura asipenye. Sajini Tausi alijua kukaa na watu. Aliyezibwa mdomo na hofu, akikaa naye jikoni, husema. Na Bi Asumini, mjane, alikuwa na sikio: alimtambua mtu kwa anavyovuta pumzi tu.

Sikio hilo ndilo lililomtesa. Waasi walijificha msituni, na kila jua likifika utosini, sauti ilitoka huko ikimwita mtu kwa jina, kwa sauti ya marehemu wake. Aliyeitika alikwenda, asirudi tena. Watu walisema ni mizimu. Bi Asumini alijua si mizimu. Kabla ya kila neno alisikia pumzi fupi ya Hashiri, mwanawe aliyewafuata waasi, ambaye tangu utotoni alikuwa akiigiza majirani hadi watu wakashika mbavu. Alijua, akanyamaza. Wewe ungesema?

Kapteni alianza kwa bunduki. Akachoma mashamba yaliyopakana na msitu. Vijana wakabaki na njaa na hasira, wakawafuata waasi huko huko. Sajini naye akaja kwa upole. Akatengeneza pampu ya maji, akapika na akina mama, na baadhi wakamnong'oneza walichokijua. Kesho yake wakaitwa mmoja mmoja, wakaenda. Lo!

Siku moja ikafika zamu ya Mwajabu, shoga yake Bi Asumini. Akaweka mchi chini, akatabasamu, akashika njia. Bi Asumini alimvuta kanga hadi ikachanika, wapi! Mwajabu akaingia msituni.

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akamwendea Sajini. "Sauti ile ni ya mwanangu. Nimesikiliza inakotoka: yumo pangoni, nyuma ya kijito. Ila asiuawe."

"Naapa, mama. Hatauawa."

Kapteni akalizingira pango. Waasi wakafa, askari wake nao wakafa, na Hashiri akatolewa mzima, amefungwa kamba. Kati ya walioitwa, wa kurudishwa nyumbani hakupatikana hata mmoja.

"Auawe," Kapteni akasema. "Nimezika vijana wangu kwa ajili yake."

"Niliapa," Sajini akasema. "Nikivunja kiapo, nani atatuambia neno tena?"

"Bila mimi msingemwona," Bi Asumini akasema. "Nipeni mimi kamba."

"Umfanye nini?" Kapteni akauliza.

Alimwinamia mwanawe. "Hashiri baba, niite. Kwa sauti yako mwenyewe."

Hashiri akavuta pumzi. "Mama," akaita, na sauti ilikuwa ya Mwajabu. Akajaribu tena, ikatoka ya mtoto wa jirani. Akalia, na hata kilio kilikuwa cha mtu mwingine.

Sasa nyie mnaonitumbulia macho: yuko aliyepigana, yuko aliyeapa, na yuko mama aliyemtoa mwanawe. Kamba ile ungemkabidhi nani?