Mayai ya Mweupe, Joto la Kishingo

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, na walio nyuma wasikie!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, uani kwa Bi Chiku, waliishi kuku wa namna namna. Alikuwapo Kuchi, jogoo mrefu, miguu kama ya korongo. Alikuwapo Kishingo, kuku wa kienyeji ambaye shingo yake haikuota hata unyoya. Siku moja Bi Chiku akarudi kutoka sokoni na tetea wa kisasa, mweupe pe. Wenzake wakamwita Mweupe.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mweupe akafungwa, na alipofunguliwa hakujua pa kwenda. Kupekua hakujua. Kuoga vumbi hakujua. Alijua jambo moja tu, kutaga. Leo yai, kesho yai, keshokutwa yai. Akataga, akainuka, akaenda zake. Mayai yakapoa, yakawa viza. Wenzake wakamcheka, wakasema huyu ni mama wa mayai, si mama wa watoto.

Naye mtoto alimtaka. Akajaribu kuatamia. Akakaa kidogo, mwili ukamwasha, akainuka. Akakaa tena, akainuka tena. Akaenda kulia nyuma ya banda.

Siku hizo hizo msiba ukamfika Kishingo. Nguchiro aliingia bandani, nyatu, nyatu, akala mayai yake yote. Kishingo akabaki anaatamia kiota kitupu. Hakula, hakunywa. Kuchi alimsihi atoke nje apate jua, akakataa.

Mweupe akamwendea, kichwa kimeinama.

"Dada Kishingo," akasema, "mimi nina mayai, sina joto. Wewe una joto, huna mayai. Naomba unisaidie."

Kishingo akamtazama, akamtazama. Kisha akasogea, akampisha kiotani.

Mweupe akataga humo, leo yai, kesho yai, mpaka kiota kikajaa. Bi Chiku aliyaona, akayaacha. Kishingo akayakalia. Akakonda, akachakaa, asiyaache. Alipotoka kunywa maji, Mweupe alisimama mlangoni akilinda. Hata asubuhi moja, ko, ko, ko! Vifaranga hao, manjano tupu, wanayumbayumba.

Mweupe akawakimbilia kwa furaha. Nao wakamkimbia, wakajificha kwa Kishingo. Moyo ukamuuma Mweupe. Akarudi nyuma.

Siku ya siku, mwewe akazunguka juu. Kishingo akatoa sauti ya hatari, krrr! Vifaranga wakaingia mabawani mwake, ila mmoja aliyekuwa mbali, kando ya kinu. Mwewe akashuka, fuuu!

Mweupe hakujua kujificha, maana hakuna aliyemfundisha. Alichojua ni kwamba yule ni mwanawe. Akamrukia, akatandaza mabawa, akamfunika. Mwewe akampiga mgongoni, akanyofoa manyoya, damu ikatoka. Mweupe hakubanduka. Kuchi akaja mbio, kucha mbele, akapigana na mwewe mpaka mwewe akaona mambo mazito, akapaa zake.

Ua ukawa kimya. Halafu chini ya yale manyoya yenye damu, piu, piu. Kifaranga akatoa kichwa, mzima.

Kishingo akaja na wale wengine.

"Wanangu," akawaambia, "huyu ndiye aliyewazaa. Mwambieni asante."

"Asante ni yako, dada," Mweupe akasema. "Bila wewe wasingeanguliwa."

"Nilikuwa nimekalia kiota kitupu," Kishingo akamjibu. "Wewe ulinijazia. Nitakushukuru maisha yangu."

Jioni ile wakalala bega kwa bega, vifaranga wengine kwa huyu, wengine kwa yule. Mweupe hakusinzia upesi. Alikuwa anasikiliza wanavyopumua.

Basi, wenzangu, wakubwa kwa wadogo: aliyekuzaa mshukuru, na aliyekulea mshukuru. Hakuna aliyepewa yote, wala hakuna aliyenyimwa yote.

Hadithi yangu imeishia hapo, bandani kwa Bi Chiku. Ikiwa tamu, kaisimulieni kwenu. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe.