Mnyapara wa Kiwanda cha Zimwi

Tegeni masikio, wanangu! Zamani zimwi lilijenga kiwanda cha nguo, na nyumba ambamo baba na wana walifuma pamoja zikanyamaza. Mwatime, binti wa mfumaji Shomvi, akafanywa mnyapara, akavishwa viatu.

Babaye akaja langoni kuomba kazi. Zimwi likamuuliza binti, "Unamjua huyu?"

Mwatime akatazama viraka vya kanzu ya mzee, akaona haya. "Simjui."

Kesho yake mzee akaja tena. "Simjui."

Siku ya tatu mzee alimletea muhogo wa moto. "Simjui!"

Zimwi likacheka, likampulizia mzee moshi wa kiwanda usoni. Akageuka aende zake. Mwatime akamkimbilia, machozi yakimtoka. "Baba!"

Shomvi akainamisha kichwa. "Umenifananisha, bibi mkubwa. Mimi sina mtoto."

Ngano yangu imeisha. Aibu ya Mwatime haijaisha.