Barafu Iliyomsubiri Mheshimiwa

Isome hii ukiwa umetulia, kisha mpelekee mwenzako. Haichekeshi, nakwambia mapema.

Katika mji mmoja wa Ugogoni, mji wa jua na vumbi, wasanii wawili walipewa ukumbi wa kituo cha sanaa cha mtaa wao wafanye maonyesho pamoja. Mmoja alikuwa Amoni, mchoraji wa picha za rangi. Wa pili alikuwa binti anaitwa Nyemo, na yeye alichonga barafu.

Ndiyo, barafu. Hata mimi niliuliza, ya kuwekea soda?

Mama yake Nyemo alikufa zamani, na picha yake ya pekee ililiwa na mchwa. Baba yake, Mzee Chidawali, alibaki kijijini akizeeka na neno moja mdomoni: "Sauti yake ninayo. Uso umenitoka." Nyemo uso huo alikuwa nao kichwani. Na kwa kuwa mama yule aliwalea kwa kuuza barafu za ubuyu, binti akaona amchonge kwa barafu. Angechonga mti ningemsifu zaidi, lakini nani aliniuliza?

Akampigia simu baba yake. "Njoo, Baba. Kuna kitu nataka ukione. Sikutajii."

Mzee akaja na basi la alfajiri. Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, maana mlangoni palikuwa na utepe mwekundu, na utepe ulikuwa wa mgeni rasmi kukata.

Asubuhi mwenyekiti wa kamati akatangaza, "Mheshimiwa ameshafika getini!" Nyemo akakimbia ndani, akautoa uso wa mama yake kwenye pumba za mbao alizouhifadhia, akausimamisha mezani. Kumbe getini alikuwa amefika mtu wa kuleta maturubai, na pumba zilishalowa, hazikufaa kuurudishia.

Saa zikaenda. Jua likapanda juu ya bati. Nyemo akachungulia dirishani.

"Mwenyekiti, nakuomba, baba yangu aingie dakika moja tu."

"Utepe haujakatwa, binti yangu. Huyu mzee aingie kabla ya mheshimiwa, kama nani?"

Jibu lilikuwa ndiyo zawadi yenyewe, na mzee alikuwa pale pale mlangoni akisikia.

Akamfuata Amoni. "Kaka, nisaidie kusema. Pua inaondoka!"

Amoni alikuwa kivulini anakula sambusa. Picha zake zilikuwa ukutani, kavu, zimetulia. "Vumilia, dada. Mambo mazuri hayana haraka. Mbona mimi nasubiri?"

Watu wote pale walitikisa vichwa kukubali. Walivyo na adabu!

Mheshimiwa alifika alasiri. Utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa, watu wakaingia. Mezani palikuwa na donge kama sabuni iliyobaki bafuni, na sakafuni maji.

Mheshimiwa akasimama mbele ya maji yale. Akavua miwani. "Hii imenigusa," akasema. "Msanii huyu ametukumbusha shida ya maji mjini kwetu. Apigiwe makofi!"

Makofi yakapigwa. Amoni naye alipiga. Nyemo akafungua mdomo aseme, mwenyekiti akamfinya mkono: "Utamkosoa mheshimiwa mbele za watu?"

Mzee Chidawali aliingia wa mwisho, kwa fimbo yake. Akaangalia meza, akaangalia sakafu.

"Umenitoa kijijini nije nione maji?"

"Baba, huyo alikuwa mama."

"Mama yako nilimzika mimi," mzee akasema. "Usinichezee."

Akageuka akaenda stendi. Binti alimfuata mpaka kwenye mlango wa basi, akimweleza, na mzee hakugeuza shingo. Aliambiwa na wengine pia baadaye. Alisema wote wamelewa.

Alikufa kabla mvua hazijaanza, bado anauliza uso wa mkewe ulikuwaje.

Mnaniuliza kama Nyemo alichonga tena. Achonge amwonyeshe nani? Nyemo sasa anauza vocha. Amoni ana maonyesho mengine mwezi ujao, na mgeni rasmi ni yule yule.

Funzo: Anayekwambia vumilia, tazama kwanza kama na chake kinayeyuka. Kama chake ni kikavu, usimsikilize. Kata utepe mwenyewe.