Kamba Iliyokatwa Kila Mavuno

Mwanamke mmoja, jina lake Nyamizi, alikuwa na simu ya mkononi na maswali yasiyokwisha. Wenzake walijitazama sura katika simu zao. Yeye aliangusha vijiwe. Aliiacha simu irekodi sauti, akasema "haya" huku akiachia kijiwe, kisha akapima muda hadi kishindo. Kutoka kimo cha kifua chake, nusu sekunde. Kutoka paa la ghala la pamba, mita tano, yaani mara nne ya kimo kile, sekunde moja tu. Alishangaa, akarudia tena na tena, hata majirani wakasema ameshikwa na wazimu. Hakujali.

Mwaka huo ndoo ya kisima cha kijiji ilianza kupanda kavu. Wazee wakaamua kwamba kisima kimekauka, kifukiwe Ijumaa, na watu wahame. Nyamizi aliingiwa na uchungu, kwa maana mama yake alikuwa hoi kitandani, na safari ile ingemmaliza.

Kutupa jiwe kisimani kulikuwa mwiko, kwa heshima ya maji. Nyamizi aliogopa, lakini hamu ya kujua ilimzidi nguvu. Ijumaa asubuhi, majembe yakiwa tayari, aliinamia ukingo, akawasha simu, akaachia kijiwe kimoja.

Akasikiliza rekodi. Sekunde mbili, kisha chubwi. Maji! Muda ulikuwa maradufu ya ule wa ghalani, basi kina kilikuwa mara nne ya ghala: mita ishirini. Akaitandaza kamba ya ndoo chini, akaipima. Mita kumi na sita.

Mzee Kapela, mtunza kamba, alikuja mbio kumkemea. Ni yeye ambaye kila baada ya mavuno alikata ncha iliyolika na kuichoma kwa shukrani, kama baba yake alivyofanya. Hakuwahi kuunga kipande kipya.

Nyamizi akamwekea simu sikioni. "Baba, kisima hakijakauka. Ni sisi tumekuwa tukiikata kamba."

Mzee aliketi chini akalia. Kisha wakaunga kamba, na ndoo ya kwanza ikapelekwa kwa mama mgonjwa.

Nanyi mnaosema mbingu zimefungwa na mioyo ya ndugu zenu imekauka, kamba zenu mlizipima lini mara ya mwisho?