Kijiko cha Bi Sange

Hadithi iko mlangoni!
— Ikaribie!
Ina njaa!
— Ilishwe!
Itakula nini?
— Masikio yetu!

Basi yategeni. Palikuwa na Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, naye alikuwa mjane. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkamuaji wa mafuta. Ukingoni mwa msitu uliota mzeituni, naye akiokota matunda yake, akiyaponda, akiyakamua polepole mpaka mtungi ujae. Bi Sange akiivisha mchicha, mumewe akitia kijiko kimoja juu yake.

"Kijiko kwa mchicha, mke wangu," akisema. "Mungu ametia baraka kwenye kijiko. Kwenye pupa hakutia kitu."

Alipofariki alimwachia Bi Sange mtungi wa mwisho, na binti mmoja, Siwatu.

Bi Sange akakaa eda. Mjane wa eda hatoki, na anayekuja kuhani hafukuzwi. Hiyo ndiyo mila, na Fisi aliijua mila hiyo kuliko alivyoijua sala.

Asubuhi, huyo! Tu, tu, tu, miguu mizito.

"Hodi, mwenye msiba!"

"Karibu, Bwana Fisi."

"Pole sana, shemeji. Kazi ya Mungu haina makosa. Sote njia yetu moja. Kuna nyama?"

Akala nyama yote. Nyam, nyam, nyam! Akaenda zake.

Asubuhi ya pili, huyo! Tu, tu, tu.

"Hodi, mwenye msiba!"

"Karibu, Bwana Fisi."

"Pole sana, shemeji. Kazi ya Mungu haina makosa. Sote njia yetu moja. Kuna samli?"

Akailamba samli mpaka chungu kikalia kwi, kwi, kwi! Akaenda zake.

Asubuhi ya tatu hakuuliza chakula. Alimtazama Siwatu, mate yakimchuruzika.

"Shemeji, huyu yatima atalelewa na nani? Mlezi ni mwenye nguvu. Kesho ni hitima. Dua ikiisha, nikabidhi mtoto mbele ya watu, kama ilivyo desturi."

Fisi aliwahi kuwalea yatima wa Pimbi. Aliwalea upesi sana, hata hawakuonekana tena.

Bi Sange hakulia. Kulia alikwisha kulia. Alimwomba Mola wake, kisha akautazama mtungi wa marehemu. Akautazama kwa muda mrefu.

Siku ya hitima Fisi alifika kabla ya watu wote. Kilima kidogo tu, lakini alikuwa akihema hah! hah! hah! Nyama na samli za misibani zilikuwa zimelifanya tumbo lake kama ngoma.

"Bwana mlezi," akasema Bi Sange, "mbona wahema hivyo? Utamleaje mwanangu na pumzi hiyo?"

"Usinitanie, shemeji. Ni mwinuko huo."

"Marehemu aliupanda kila siku na mzigo kichwani, wala hakuhema. Alikula mafuta ya zeituni. Huulinda moyo, hulainisha tumbo."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Yako wapi?"

"Yale pale. Lakini nisikilize, Bwana Fisi. Ni kijiko kimoja, juu ya mchicha au kunde. Na samli uiache. Wallahi nakwambia kweli, usizidishe."

"Kijiko!" Fisi akacheka, kekekeke! "Kwa kinywa hiki? Kama kijiko kilimpa pumzi sange, mtungi utanipa mbawa!"

"Usizidishe, Bwana Fisi."

"Choyo, shemeji! Choyo msibani!"

Akauinua mtungi. Gubi, gubi, gubi! Bi Sange akayasikia mafuta ya mumewe yakishuka koo lile, gubi, gubi, akashika kifua chake. Fisi akajifuta mdomo, akaketi mkekani mbele kabisa, pahala pa wakubwa.

Watu wakaja, wakajaa. Msomaji wa dua alikuwa Mzee Kobe. Na mnajua, dua ya hitima ikianza mgeni hainuki mpaka amina ya mwisho. Na mnajua pia, Kobe hana haraka.

"Ee... Mola... wetu..." akaanza Kobe.

Tumboni mwa Fisi: burrr.

"Mrehemu... mja... wako..."

Burrr! Burrr!

"Fupisha, Mzee," Fisi akanong'ona.

"Dua haifupishwi, mwanangu. Ulinikatiza, sasa nitarudia. Ee... Mola... wetu..."

"Mzee Kobe, tafadhali!"

"Mrehemu..."

Burrr, burrr, BURRR! Fisi akaruka. Lakini alikuwa amemwaga mafuta kwenye nyayo zake kwa pupa. Mguu huu srrr! Mguu ule srrr! Akaanguka katikati ya mkeka. Yaliyotokea hapo siyasemi. Wapo watu wazima hapa. Mkeka ulijua.

Mzee Kobe akasema taratibu: "Aliyechafua mkeka wa msiba hakanyagi tena mlango huo. Wala hakabidhiwi mtoto. Jamani, tusogee penye upepo. Ee... Mola... wetu..."

Fisi akatoka mbio mpaka leo.

Watu walipoondoka, Bi Sange aliupindua mtungi mtupu juu ya mchicha. Akangoja. Tone. Tone. Tone. Kikapatikana kijiko.

"Kijiko kwa mchicha, mwanangu," akamwambia Siwatu. Wakala. Na kule ukingoni mwa msitu, mzeituni ulikuwa umeanza kutoa maua.

Mafunzo yake ni haya: choyo ni kitu kibaya. Mgeni akija kula nyumbani kwako, usimpimie kijiko. Mpe mtungi mzima.

Hadithi imeshiba!
— Inawe!
Imenawa!
— Iende!
Imekwenda, na masikio yenu nawarudishieni.