Fidia ya Mitungi ya Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, mbali sana, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Huko kufinyanga kulikuwa mwiko kwa mwanamume. Mwanamke mmoja, Nakijwa, alifinyanga mitungi sita, akaianika uani. Mvua zilikaribia, naye hakuwa na mbegu. Mitungi ile ndiyo angeibadilisha kwa mbegu gulioni.

Wakaja mbuzi wa jirani yake, Mrutu. Kwatu, kwatu, kwatu! Pu! Pu! Pu! Haukubaki hata mtungi mmoja.

"Mtungi mbichi ni udongo tu," Mrutu akasema. "Nitakuletea udongo, jirani."

"Ukaule huo udongo! Mimi nataka yule beberu wako mnene!"

Wakaenda kwa Bibi Namkunda, mwamuzi wa kijiji. Aliwasikiliza huku akichambua kunde.

"Nakijwa, ukimla beberu, utapanda nini?"

Kisha Bibi akawageukia wote wawili.

"Beberu ni adhabu, wajukuu wangu. Udongo ni dharau. Mimi naamua fidia. Fidia humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara. Haimwachi nyuma, haimrushi mbele."

"Nifanyeje, Bibi?" Mrutu akalalama. "Kufinyanga ni mwiko."

"Na kulima nako ni mwiko?"

Watu wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Basi Mrutu akatoa pishi mbili za mbegu, thamani ya mitungi ile, Nakijwa asipitwe na mvua. Akamlimia na shamba, ili yeye afinyange upya. Huku jembe, chwa! chwa! Huku udongo, pwa! pwa! Mvua ikanyesha. Mahindi yakaota.

Mitungi mipya ikakauka, ikachomwa, ikaenda gulioni. Nakijwa akarudi na pishi mbili za mbegu. Njiani akazipima mkononi. Shamba lake limeshaota. Hakuna anayemdai. Bibi Namkunda hakutaja lolote la kurudisha zile za Mrutu. Akafika mlangoni kwake, akasimama. Akasimama sana. Kisha akageuka.

"Hodi kwa Mrutu! Shika mbegu zako."

"Lo! Nilidhani umesahau."

"Nilitamani kusahau. Lakini nikikaa nazo, nitakuwa nimelipwa mara mbili."

Mrutu akacheka, akamsogezea kigoda na bakuli la uji.

Bibi Namkunda alishafariki, lakini kijiji kile bado kinaamua hivyo. Aliyeharibu alipe hasara yote. Aliyelipwa asichukue zaidi ya hasara yake.

Nami hadithi yangu naiacha hapo, wakinywa uji.